Nirudishie Asante Yangu

Asubuhi ile Jamleck alipomgonga Trizah Akoth kwa baisikeli kwenye kona ya mawe, alisimama, akaweka mguu mmoja chini, akasema, "Pole, mama." Trizah alikuwa amelala vumbini, kiganja chake cha kulia kimepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Akajibu, "Asante."

Mkono uliwekwa plasta ukapona, kwa namna yake. Ile asante ndiyo iliyokataa kupona.

Njia yenyewe ni fupi. Inaanzia nyuma ya kanisa la mabati, juu ya nyumba za mwisho za mtaa wetu, inapita kati ya mikaratusi na kupanda ubavu wa mlima wa Menengai hadi kwenye kona ya mawe mekundu. Hapo inapinda, inapanda kidogo tena, kisha inashuka kando ya shamba lililowahi kuwa la pareto, inapita tangi la maji, na ukiinua macho uko kanisani tena. Mwenye magoti mazuri anaweza kuizunguka na kurudi nyumbani kabla watoto hawajaamka. Ukiwa juu unaliona ziwa, ambalo siku hizi limepanuka na kumeza miti iliyokuwa ukingoni, na unauona mji wote wa Nakuru chini ya utandu wa vumbi.

Hakuna aliyeichonga njia hiyo. Ilifunguliwa na miguu ya waliokuwa wakitafuta kuni na kwato za ng'ombe wao. Baadaye wakaja wasichana wa riadha na viatu vyao vya rangi kali, na watu wa kupunguza tumbo. Mwisho zikaja baisikeli zenye magurudumu mapana, za watu wa klabu ambao huja Jumamosi kwa magari na baisikeli zimefungwa nyuma.

Kuna desturi moja pale. Anayeshuka humwambia anayepanda, "Pole na mlima." Anayepanda hujibu, "Asante." Haijalishi kama mnajuana. Kuna vijana mtaani ambao hata mama zao hawawasalimii vizuri, lakini wakiwa pale juu wanasema pole na mlima, na wakiambiwa wanajibu. Pumzi ikikuishia unajibu kwa kuinua mkono, na mkono huo unahesabika kama asante.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba Trizah alijibu alivyojibu. Alikuwa akipanda. Alisikia pole. Mdomo wake ulifanya kazi yake.

Watu wengi humwita Mama Quincy, kwa jina la kifungua mimba wake aliye Eldoret. Alizaliwa kwenye landi za reli, zile nyumba ndefu za mawe za wafanyakazi, ambako baba yake, Owuor, alikuwa akiunganisha mabehewa. Kwenye landi watu wa kila kabila waliishi ukuta kwa ukuta, wakaelewana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Adabu ya Kiswahili hicho ilikuwa chache, lakini haikuchezewa. Ukiambiwa pole, unasema asante. Mtoto aliyeiacha pole ya mtu mzima bila jibu alichapwa, hata kama pole yenyewe ilikuwa ya kuchapwa.

Adabu hiyo Trizah aliibeba maisha yake yote. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha blanketi, na mashine ilipomkata ncha ya kidole, msimamizi aliyekuwa amekataa kuitengeneza mashine hiyo alisema pole. Trizah akasema asante, kidole kikiwa ndani ya kitambaa. Kiwanda kilipofungwa, meneja alisimama uwanjani na kipaza sauti akasema, "Poleni sana, na Mungu awabariki." Wafanyakazi wote wakajibu kwa sauti moja kama watoto wa shule. Mumewe Okeyo alipofariki, watu walipanga foleni kumpa mkono na pole, naye akasema asante mpaka sauti ikakauka. Lakini hapo kulikuwa na tofauti, na ni yeye mwenyewe aliyenionyesha baadaye. Katika foleni ile yote, hakukuwa na mtu aliyemuua Okeyo.

Alianza kutembea kwa sababu ya sukari. Daktari alimwambia dawa peke yake haitoshi, lazima atembee kila siku. Alirudi nyumbani amechanganyikiwa.

"Nitembee niende wapi?" alimwuliza Chepkemei, jirani yake.

"Usiende mahali. Utembee tu."

"Nitoke hapa, nirudi hapa, mkononi sina kitu?"

"Ndiyo hivyo. Kama wazungu."

Maisha yake yote alikuwa ametembea kwenda mahali: kiwandani, kanisani, kwenye mashine ya kusaga. Siku za mwanzo alibeba kikapu kitupu kwenye ile njia, ili watu wadhani ametumwa. Alivaa sketi ya kanisani juu ya suruali ya michezo, sweta ya shule aliyoiacha Quincy, na raba ambazo soli zake zilikuwa zimeshonwa. Baada ya muda kikapu kilibaki nyumbani. Chepkemei, ambaye ana shinikizo la damu, akaanza kumsindikiza, na watu wakawapa jina. "Sukari na Presha wamepita?" wasichana wa riadha waliulizana. "Bado. Wako kwa tangi wanapumzisha midomo."

Mimi ninaishi kwenye ploti moja nao, chumba cha tatu kutoka langoni, nikaanza kuwafuata nyuma kwa sababu ya mgongo uliokuwa ukiniuma kwa kukaa. Nilimwona Trizah akibadilika. Alipungua, lakini si hilo. Alianza kuongea kuhusu njia kama mtu anayeongea kuhusu shamba lake. Jiwe fulani limelegea. Mvua imekula pale chini ya tangi. Alikuwa amepata kitu ambacho hakikuwa cha mume, cha mtoto, wala cha kiwanda, na alikuwa amekipata baada ya kufikisha miaka sitini.

Jumamosi ile Chepkemei alikuwa sokoni na mimi nilikuwa kijijini Bahati kwa shangazi. Trizah alipanda peke yake. Watu wa klabu walikuwa wakishuka. Mtu yeyote anayeijua njia hiyo anajua kwamba kwenye kona ya mawe huwezi kumwona anayekuja mpaka umfikie, na kwa hiyo anayeshuka na baisikeli hufunga breki na kupiga kengele. Jamleck anaijua njia hiyo vizuri. Yeye ndiye mwenyekiti wa klabu.

Alimgonga bega, Trizah akaanguka juu ya mkono wake. Jamleck hakuanguka.

"Pole, mama. Sikukuona."

"Asante."

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

Hilo la mwisho pia husemwa tu. Ukiulizwa kama uko sawa, uko sawa, hata ukiwa unakufa. Jamleck alimsaidia kukaa juu ya jiwe, akampigia simu mtu wa bodaboda amsubiri kanisani, kisha akapanda baisikeli yake akaendelea kushuka. Trizah alishuka kwa miguu, mkono mmoja ukishika mwingine. Mtu wa bodaboda alipouona mkono ule alisema, "Woi, pole mathe," akaendesha polepole sana hadi hospitalini, akikwepa kila shimo.

Jioni yake pikipiki nyingine ilileta mfuko kutoka kwa Jamleck. Mkate, maziwa, mafuta ya kupikia, na pakiti kubwa ya sukari.

Chepkemei alitoa vitu hivyo mezani kimoja kimoja. Alipofika kwenye sukari aliiinua juu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Amekugonga asubuhi," alisema, "sasa anataka kukumaliza jioni."

Trizah alicheka pia. Wakati huo hakuwa na hasira bado. Alikuwa na maumivu, na alidhani Jamleck atakuja. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya lango alilisikiliza. Aliweka kiti kizuri karibu na mlango, kile chenye kitambaa cha kushona. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha. Kiti kikaanza kuwekewa nguo za kupiga pasi.

Halafu Chepkemei akaenda kununua misumari. Jamleck ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na barabara kubwa, na dukani humo ndimo Chepkemei alimsikia mteja mmoja akimwuliza, "Na yule mama uliyemgonga, mambo yake yaliishaje?" Jamleck akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye mizani, "Ah, tulimalizana pale pale. Nilimwambia pole, akasema asante."

Chepkemei aliyaleta maneno hayo yakiwa moto. Trizah alikuwa akiosha majani ya sukuma kwa mkono mmoja kwenye beseni, nami nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu.

"Mwongo," alisema Trizah. "Sikusema."

"Amesema ulisema."

"Nimevunjika mkono, nimshukuru?" Alirudi kwenye sukuma. Jani moja, la pili. Kisha mkono wake ukasimama majini. Nilimwona akikumbuka. Alikumbuka vumbi mdomoni, na neno lile likitoka pamoja na vumbi.

"Nilisema," alisema.

Alitoa mkono majini, akaupangusa kwenye leso, akaingia ndani, akafunga mlango. Sukuma ililala kwenye beseni mpaka asubuhi.

Nimejaribu kuielewa hasira iliyoanza siku hiyo, kwa sababu niliambukizwa. Jamleck hakusema uongo, na hapo ndipo palipouma. Alichukua kitu ambacho Trizah alifundishwa kwa kiboko, ile adabu ya kutoacha neno la mtu hewani, akakigeuza kuwa sahihi ya Trizah ya kufunga kesi. Msimamizi wa kiwanda alifanya hivyo. Meneja mwenye kipaza sauti alifanya hivyo. Watu wa namna hiyo wanajua kabisa kwamba ukimwambia mtu wa chini pole, atajibu asante kabla hajafikiri, na kesi itakuwa imeisha. Huhitaji wakili. Unahitaji tu kuwahi kusema.

Siku iliyofuata Trizah alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akafunga shingoni kitambaa cha kubebea mkono, akaenda dukani. Tulimfuata mimi na Chepkemei. Jamleck alikuwa akipima waya wa seng'enge. Ni mtu mnene wa mabega, mcheshi, mwenye sauti ya kusimamia harambee.

"Aa, Mama Quincy. Karibu, karibu. Mkono unaendeleaje?"

"Wacha mkono. Nimekuja kuchukua kitu changu."

"Kitu gani?"

"Asante yangu."

Fundi aliyekuwa akichagua bawaba alicheka puani. Jamleck alitabasamu, akamtazama Chepkemei kama anayeuliza kama mgonjwa huyu ametoroka.

"Asante gani, mama?"

"Ile niliyokupa kwa kona. Umekuwa ukitembea nayo, ukionyesha watu. Nirudishie."

"Mathe, asante ikishatoka imetoka. Hata risiti huna."

Sasa duka zima lilicheka. Trizah alisubiri wamalize.

"Nilikuwa nimeanguka," alisema. "Mtu akianguka mdomo wake unaongea peke yake. Nirudishie hiyo, halafu uniambie kile ulitakiwa kuniambia."

"Lakini nilikuambia. Na hata sasa, mbele ya hawa mashahidi, nakuambia tena." Jamleck aliweka waya chini, akaweka kiganja kifuani. "Pole. Pole sana, mama yangu."

Trizah alituambia baadaye kwamba alilisikia neno likipanda kooni lenyewe, kama kwikwi. Alibana midomo. Nilimwona akimeza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kwamba mtu alimwambia pole na yeye akanyamaza. Watu waliokuwa wakicheka waliacha. Lile pengo baada ya pole lilikuwa kitu kigeni kabisa, kama mtu kunyoosha mkono wa salamu na mwenzake asiupokee.

"Hiyo nimepewa na kila mtu," alisema hatimaye. "Daktari amenipa. Pasta amenipa. Mtu wa boda amenipa, na ni yeye alinipeleka hospitali. Hao wote hawakunigonga. Wewe nipe ingine."

"Ingine gani?"

"Unaijua."

Uso wa Jamleck ulikunjamana. "Ilikuwa ajali, mama. Sikukuona. Nikianza kusema maneno mengine, kesho utaniletea wakili."

"Sitaki wakili. Ningetaka wakili singekuja na Presha."

Fundi wa bawaba alicheka tena, lakini safari hii hakuwa akimcheka Trizah. Jamleck alichukua waya wake. "Mtu wa kununua tafadhali," alisema, akitazama juu ya vichwa vyetu.

Nilidhani Jamleck angeacha hapo. Badala yake, mwezi uliofuata klabu ilimwomba naibu wa chifu aitishe baraza katika uwanja wa kanisa. Walikuwa na pendekezo: asubuhi za Jumamosi, watembea kwa miguu wasiitumie njia. Ni kwa usalama wao wenyewe, alisema Jamleck akiwa amesimama mbele, amevaa koti la suti. "Sote tunajua yaliyompata mama yetu Mama Quincy. Hatutaki mzazi mwingine aumie. Mimi na mama tulielewana, hata alinishukuru, lakini tusisubiri ajali nyingine."

Chepkemei aliguna kwa sauti iliyofika mbele. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema, na nilibaki nimekalia mikono yangu, kwa sababu sijui kusimama mbele ya watu. Trizah alisimama.

"Mimi ndio nimegongwa," alisema, "na mimi ndio natolewa kwa njia?"

"Si wewe peke yako, mama. Ni wote wanaotembea."

"Wote wanaogongwa."

Kicheko kilipita kwenye viti vya plastiki. Naibu wa chifu aliinua mkono. Ni mwanamke mvumilivu, anayependa mambo yaishe kabla ya saa ya chakula. "Mzozo huu ni wa watu wawili," alisema, "na kabla ya kuongea kuhusu njia, tuumalize. Jamleck, mgeukie mama umwambie pole, mbele yetu sisi wote."

Jamleck aligeuka. Alikuwa tayari kabisa. Aliinamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti nzuri, "Mama, pole sana."

Uwanja mzima ulisubiri neno moja. Nilisikia watu nyuma yangu wakilitamka kwa kunong'ona, kumsaidia, kama watu wanaomsaidia mtoto aliyesahau shairi. "Asante. Sema asante." Pasta alikohoa. Trizah alisimama na mkono wake wa plasta kifuani, akimtazama Jamleck, midomo imebanwa mpaka ikapoteza rangi.

"Mama Quincy," naibu wa chifu alisema kwa upole, "umeambiwa pole."

"Nimesikia."

"Sasa jibu."

"Nikijibu, nitakuwa nimegongwa na upepo." Aliwageukia watu kwenye viti. "Pole inasemwa na mtu ambaye hakuwa hapo. Ukifiwa naja nakuambia pole, kwa sababu si mimi nimeua. Huyu alikuwa hapo. Huyu ndiye alikuwa juu ya baisikeli. Yeye akiniambia pole, na mimi nikisema asante, ni nani sasa amenivunja mkono? Hakuna mtu. Nimejivunja."

Alikaa. Naibu wa chifu alitazama saa, akatazama anga. Alisema kwamba kwa kuwa wawili hawa hawajapatana, hawezi kupitisha sheria kwa kutumia jina la mmoja wao, na njia ibaki kama ilivyokuwa mpaka wapatane. Watu wakaombewa wakatawanyika. Jamleck alipita karibu na sisi.

"Mama, unataka kuniharibia jina bure," alisema kwa sauti ya chini.

"Jina liko kwako," alisema Trizah. "Mimi nataka asante yangu."

Chepkemei ndiye aliyeanzisha kilichofuata, bila mkutano wowote. Jumamosi ya kwanza baada ya baraza tulikuwa tukishuka, mimi na yeye, na Jamleck alikuwa akipanda, akisukuma baisikeli mahali palipo na mchanga mwingi. Alikuwa akihema. Nilifungua mdomo kwa mazoea, Chepkemei akanikanyaga mguu. Tukampita kimya.

Jamleck alishtuka kama aliyepigwa na kitu kidogo. Alitugeukia. "Pole na mlima, hata hamsemi?" alitania.

Chepkemei alimjibu bila kusimama. "Hata tukikuambia, utatuambia tumemalizana."

Maneno hayo yaliteremka mlima haraka kuliko sisi. Wasichana wa riadha waliyapenda sana. Wiki ile ile walianza kumpita Jamleck wakiwa wameuma midomo, na wakifika kwenye kona wanapasuka kwa kicheko. Wazee wa kupunguza tumbo wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtukana wala aliyemzibia njia. Walimsalimia dukani, walinunua saruji kwake, walikaa naye kanisani. Ila kule juu, akipanda, hakupewa pole. Mtu ambaye hajawahi kupanda njia hiyo atadhani ni jambo dogo. Jaribu kupanda, jasho linakuingia machoni, na kila anayekuja mbele yako anawapa wenzako neno na kukuruka wewe.

Wenzake wa klabu walisema ni utoto. Yeye mwenyewe alisema hajali. Lakini alianza kuja mapema zaidi, kabla ya watu, na watu nao wakaja mapema.

Plasta ilitolewa. Kiganja kilibaki kimeinama kidogo upande mmoja, na mpaka leo Trizah hawezi kukamua nguo nzito wala kushika sufuria ya ugali. Anamwaga chai kwa mkono wa kushoto. Aliporudi njiani, alifika chini ya kona ya mawe akasimama. Miguu ilikataa. Alisimama hapo akihema, uso umemkauka, na nilidhani tutarudi. Kisha akasema, "Huyu mtu hawezi kuniondoa kwa baraza na aniondoe tena kwa miguu yangu mwenyewe," akapita katikati ya njia, si pembeni. Kuanzia siku hiyo alipita hapo kwa hasira, kila asubuhi, na sukari yake ikashuka kuliko wakati mwingine wowote. Daktari alimsifu kwa kufuata masharti.

Ilikuwa Jumamosi tena walipokutana. Tulikuwa tunashuka, Trizah mbele, mimi na Chepkemei nyuma yake. Jamleck alikuwa akipanda na baisikeli yake mkononi, na wenzake wawili wa klabu walikuwa mbali kidogo chini. Tulikutana pale pale, kwenye mawe mekundu. Trizah hakusogea. Alisimama katikati ya njia, na kwa kuwa upande mmoja ni jabali na mwingine ni mteremko, Jamleck naye alisimama.

"Mama," alisema. Alikuwa amelowa jasho.

Trizah aliinua kidevu.

"Mama, sasa tutafanya hivi mpaka lini? Watu wananipita kama mbwa. Hata mke wangu ananiuliza nimefanya nini."

"Umemwambia umefanya nini?"

Alitazama nyuma, wenzake walikuwa bado wanapanda. Alivua kofia yake ngumu, akaishika mbele ya tumbo. Bila kofia alionekana mtu wa kawaida tu, mwenye mvi kidogo. Ile sauti ya harambee ilikuwa imekwisha.

"Kuna ile kitu ya simu," alisema. "Ya klabu. Inaonyesha nani ameshuka haraka kuliko wote. Siku hiyo nilikuwa karibu kuwashinda vijana. Nilikuwa..." Aliacha, akaanza upya. "Nilikuona, mama. Nilikuona kutoka pale juu, kabla uingie kwenye kona. Niliona ile sweta. Ningefunga breki ningepoteza muda. Nilidhani ukisikia magurudumu utaruka kando."

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Katika hasira yetu yote, tulikuwa tumeamini kwamba hakumwona.

Trizah alimtazama. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika ule uliopinda.

"Nimekukosea," alisema Jamleck. "Nilikugonga, na nikakuacha ushuke peke yako, na nikasema tumemalizana. Nimekukosea."

Lilikuwa ndilo neno lenyewe. Nilimtazama Trizah usoni nikitafuta nafuu, na sikuiona. Niliona hasira ileile, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa. Jamleck alisubiri. Alikuwa ameinua uso, na ungeona waziwazi anachosubiri, kwa sababu sote tumelelewa hivyo, mtu akishusha neno zito unampa jingine la kulipokea.

"Nimesikia," alisema Trizah.

Kisha akasogea hatua moja kwenye ukingo, kiasi cha baisikeli kupita. Jamleck alibaki amesimama kidogo, akavaa kofia, akasukuma. Sisi tukashuka. Nyuma yetu niliwasikia wenzake wakimfikia, mmoja akiuliza huku akihema.

"Alikuwa anasemaje?"

"Amesema amesikia."

"Basi. Mmemalizana."

Magurudumu yaligonga mawe mara kadhaa kabla Jamleck hajajibu.

"Sijui," alisema.